Mgongo wa Kitabu

Fundi wa vitabu huanza na mgongo. Hukwangua gundi ya kiwandani, akagonga karatasi mezani hadi zilingane, akatoboa matundu kwa msumari na kupitisha uzi wa nailoni, uleule wa washona viatu. Fundo hulificha ndani, pasipofikiwa na jicho. Mmoja nimemtazama huku Makadara, jijini Nairobi, akishona Biblia ya mama wa kanisa. Jalada alilikata kwenye suruali kuukuu ya jinzi, na ule mfuko mdogo wa mbele akauacha palepale ulipokuwa, mama apate pa kutia sadaka. Biblia ya namna ile haina pacha duniani. Kwingineko ingewekwa kwenye kabati la kioo na kuitwa sanaa.

Sanaa hiyo si ngeni kwetu. Huko Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa kazi za ngozi, wanakili wa karne ya 18 na 19 waliandika Kurani kwa mkono na kuzipamba kurasa kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Na hapa Nairobi, msanii Jackie Karuti amekifanya kitabu kuwa hoja ya kazi yake. Moja aliipa jina Where Books Go To Die, mahali vitabu vinapokwenda kufia. Jina hilo hunichoma.

Maana mitaa hii ilijua kukitunza kitabu. Kaloleni, Maringo, Jericho, shule zikikaribia kufunguliwa Januari, kila baba aligeuka fundi. Karatasi ya kaki ikipatikana, vyema. Isipopatikana, kalenda ya mwaka uliokwisha ilishushwa ukutani, upande mweupe ukatazama nje. Kona zilikunjwa mara mbili kwa sababu ndizo hufa kwanza. Jina la mtoto liliandikwa mwisho, kwa mwandiko wa mzazi, taratibu, na sisi tulikatazwa kugusa meza mpaka wino ukauke. Kitabu hicho kilisomwa na mkubwa, kikamshukia mdogo, kisha kikavuka ua kwa jirani.

Tangu 2018 serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini vingi nilivyovishika vimebanwa kwa gundi tupu. Muhula haujaisha, kurasa ziko mtaroni, na hakuna anayeinama kuziokota.

Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limezikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara. Kuta zimepona. Ningependa humo ndani fundi wetu awekewe meza, uzi na vijana wawili wa kufunza, kwa sababu macho yake yameanza kufifia na hadi leo hana mwanafunzi.