Ratiba Inayoijua Milima ya Ngara

Likizo ya Juni ikikaribia, kila ukoo hupata mpangaji wake: shemeji mwenye gari, mjomba aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco, au kijana wa magari ya kukodi anayetuma ratiba kwa simu. Ratiba zote zina vituo vilevile: Biharamulo na boma lake la Wajerumani, Hifadhi ya Burigi-Chato, Rusumo, Ngara mjini. Kwa majina hayo huwezi kuitambua nzuri na mbovu. Mimi husoma safu ya saa kwanza, kilomita baadaye.

Mnaotokea Mwanza, anzeni Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu unaozidi kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ratiba ambayo bado imetenga muda wa kusubiri kivuko imenakiliwa mahali, na aliyeinakili hajapita njia hiyo karibuni. Yaliyobaki humo yasomeni kwa jicho la shaka.

Kisha tazama asubuhi ya Ngara. Wilaya iko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mpangaji anayeandika "saa 12 kamili, kutazama mandhari" anawaamsha watoto waje kutazama giza. Hata kukipambazuka, ukungu unaweza kujaza mabonde ya Ruvubu na Kagera, usione ng'ambo. Anayeijua Ngara huwaacha watoto walale, wanywe chai taratibu wakiwa na masweta yao, na mandhari huyaweka jioni. Kuanzia saa kumi na moja jua hulala ubavuni mwa vilima, migomba ikang'aa upande mmoja na kila mgongo wa kilima ukaonekana peke yake hadi Burundi. Hapo ndipo pa kutenga saa mbili nzima, bila shughuli nyingine. Juni pia ni bora kuliko Agosti, maana kiangazi kikikolea, moshi wa nyasi zinazochomwa hufunika upeo wote.

Barabarani, alama ya ufundi ni unyenyekevu. Njia ya Nyakanazi, Lusahunga hadi Rusumo ndiyo ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na lori lenye kontena likipanda kilima hupanda kwa gia ndogo. Nyuma yake wewe na Noah yako mnapanda vivyo hivyo, kwa sababu kona hazikuruhusu kupita. Aliyegawanya kilomita kwa mwendo wa 80 hajawahi kukaa nyuma ya lori hilo. Tafuta pia kama pa kuchimba dawa pametajwa kwa jina. Mwenye watoto wadogo na bibi mwenye sukari hawezi kuambiwa "tutasimama njiani".

Kwenye hifadhi ndipo wengi hujikwaa. Burigi-Chato ilipandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ni zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na wapo wapangaji wanaoipa nusu siku kati ya chakula cha mchana na Rusumo! Ama ipewe siku kamili, ama iachwe. Mpangaji mwaminifu haahidi simba. Huahidi ziwa na pori, kisha huongeza mstari mdogo unaonifanya nimwamini: watoto wasivae nyeusi wala buluu, kwa sababu rangi hizo huvuta mbung'o. Ukiuona mstari huo, jua aliyeandika aliwahi kuumwa.

Rusumo nayo ina mtego wa saa. Upande wa pili wa mto, Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mnara wa huko hubadilika yenyewe. Familia iliyopanga kukutana na dereva saa nane hujikuta nusu yake imechelewa. Ratiba makini inasema: fuateni saa ya mkononi. Maporomoko ya Rusumo yenyewe si marefu, na maji yake sasa yanaendesha mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Anayewaahidi watoto maajabu ya urefu atawavunja moyo. Uzito wa mahali hapa uko darajani: mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka hapa kutoka Rwanda ndani ya kama siku moja. Mjomba wa Benaco apewe muda wa kuwasimulia wajukuu, na apewe kabla ya chakula, wakiwa bado wana masikio. Hapa ni mpakani, basi ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Mwisho muulize mpangaji swali moja: mtoto akiamka na homa, tunafuta nini? Akisema hakuna cha kufuta, mrudishie karatasi yake. Akisema tutafuta mapumziko ya Ngara, mrudishie vilevile. Mimi hufuta hifadhi, nikabaki Ngara karibu na hospitali, na waliobaki wazima wakashuka Rusumo na kurudi kabla ya jua kuzama.