Kuwaka Si Kupona: Namna ya Kumkagua Fundi wa Laptopu Kamakis

Kamakis, kwenye Eastern Bypass upande wa Ruiru, inasifika kwa nyama choma na yadi za magari. Anayekuja kununua gari hapo huja na makanika wake. Boneti inainuliwa, injini inasikilizwa, majadiliano yanachukua nusu siku. Mtu huyohuyo laptopu yake ikizima, humwachia fundi wa kwanza mwenye kibanda, akirudi jioni na kuikuta inawaka analipa na kwenda zake. Sijui kwa nini mashine iliyobeba kazi yake yote inakaguliwa kidogo kuliko gari.

Ukaguzi huanza kabla bisibisi haijashikwa. Sikiliza fundi anauliza nini. Anayeijua kazi atataka kujua kama stima ilipopotea na kurudi mashine ilikuwa imechomekwa, kama kilichomwagika ni maji au chai ya sukari, na kama chaja ni orijino. Umajimaji ukibaki ndani huendelea kula shaba ya madabodi hata baada ya kibodi kukauka, kwa hiyo swali la chai si umbea. Akisema, "Bosi, madabodi imeungua," kabla hajafungua hata skrubu moja, ujue anayo madabodi ya kuuza.

Halafu mita. Hapa ndipo mafundi hutofautiana, na ndipo mimi hukaa nikatazama. Chaja ya laptopu nyingi hutoa volti 19 hadi 20. Ndani umeme huo hugawanywa kuwa volti 5, 3.3 na chini zaidi, kila njia na koili yake. Fundi stadi hupima njia hizo moja baada ya nyingine mashine ikiwa haina umeme. Akikuta shoti, hupitisha umeme mdogo aliouwekea kikomo, kisha hutafuta kinachopata joto. Mara nyingi ni kapasita ya milimita moja au mbili, ya bei ya chini mno. Wapo wanaopaka pale spiriti ya kusafishia na kuangalia inapokauka kwanza. Nikiona hivyo siulizi tena habari za vyeti.

Asiyepima hukimbilia bloa. Chipu ya picha iliyokufa ikichomwa joto huweza kufufuka, picha ikarudi, kila mtu akafurahi. Lakini kasoro bado imo ndani ya chipu na huenda ikarudi baada ya wiki chache. Muulize dhamana ya kazi hiyo ni ya muda gani, umwone akibabaika.

Kabla hajafunga, omba uone alipogusa. Lehemu iliyoshika hutambaa kwenye shaba kwa mteremko laini. Iliyojikusanya ikasimama juu haijashika. Mng'ao peke yake usikudanganye. Tangu Umoja wa Ulaya uanze kubana matumizi ya risasi mwaka 2006, viwanda vingi hutumia lehemu isiyo nayo, ambayo imefifia kidogo na huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, ilhali ile ya bati na risasi ya kibandani huyeyuka kwenye 183. Gundi ya manjano iliyoachwa kuzunguka kazi ndiyo ya kulalamikia: ni fluxi ambayo haikusafishwa.

Skrubu zina urefu tofauti, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huweza kutoboa madabodi. Fundi makini huzipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wa zilikotoka. Mwenye kuzimwaga zote kwenye kifuniko cha chupa simpi laptopu yangu.

Akikuwekea diski ya mtumba, afungue programu akuonyeshe saa ilizotumika na sehemu zilizoharibika. Ni kazi ya dakika moja. Betri iliyovimba haina ukarabati, hutolewa tu. Anayejua pa kuipeleka, kwa mfano kituo cha taka za kielektroniki cha WEEE Centre kule Utawala, amewazia na jirani zake.

Mwisho, faili zako. Fundi wa vifaa huijaribu mashine kwa flashi yake mwenyewe, hana haja ya kuingia kwenye picha za watoto wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zako hata zikiwa kibandani. Akikuomba neno la siri ili abadilishe feni, chukua laptopu yako uondoke.