Wakili wa Mhuni: Mvuto wa Msichana Mwema na Kijana Mtukutu katika Filamu ya Awara (1951)

Kisa cha msichana mwema anayempenda kijana mtukutu ni miongoni mwa visa ambavyo sinema haijachoka kuvisimulia, iwe katika Grease (1978) au katika A Walk to Remember (2002). Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wake ni mawili. Moja linadai kwamba msichana aliyelelewa ndani ya mipaka huvutwa na hatari. La pili linadai kwamba huvutwa na ndoto ya kumwokoa aliyepotea. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanamchukulia msichana kuwa kiumbe wa hisia tu, asiyepima wala kuamua. Makala haya yanashikilia kwamba mvuto wa kisa hiki umo kwanza katika mamlaka ya kuhukumu. Msichana hupewa nafasi ya kumsoma upya mtu ambaye baba, shule na dola vimekwisha kumsoma na kumtupa, na msuko hujengwa ili usomaji wake ndio uibuke kuwa sahihi. Filamu iliyoliweka jambo hili wazi zaidi ni Awara ya Raj Kapoor, kwa sababu ndani yake msichana mwema ni wakili. Filamu hiyohiyo pia inafichua gharama ya mamlaka hayo.

Awara haikuwa ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Utafiti wa Laura Fair kuhusu watazamaji wa sinema wa Zanzibar na Tanzania Bara unaonyesha jinsi filamu hii ilivyopendwa, na jinsi watazamaji walivyoitumia kujadili mapenzi, uchaguzi wa mchumba na mvutano kati ya wazazi na vijana. Jina lenyewe la filamu lina maana ya mzururaji. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwakamata vijana wasio na kazi jijini Dar es Salaam na kuwarudisha vijijini kwa kuwaita wahuni. Mzururaji wa Bombay, basi, alikuwa na ndugu zake hapa.

Msingi wa hadithi ni imani ya Jaji Raghunath kwamba mtoto wa mwizi hawezi kuwa ila mwizi. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu imani hiyo kwa sura ya methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo jaji alimfunga Jagga, ambaye alilipiza kisasi kwa kumteka Leela, mke wa jaji. Leela aliporejea akiwa mjamzito, mumewe alimshuku na kumfukuza. Raj akazaliwa barabarani, akafukuzwa shuleni, akaiba mkate kwa ajili ya mama yake mwenye njaa, akafungwa, na hatimaye akaangukia mikononi mwa Jagga huyohuyo. Mtoto wa jaji anafanywa mwizi ili nadharia ya jaji ibomoke. Kinaya hiki ni cha mwandishi wa mswada, K. A. Abbas, na kimepangwa kwa ukamilifu ambao pengine umezidi kiasi.

Rita, rafiki wa Raj tangu utotoni na sasa binti wa kulelewa na Raghunath, ndiye anayeivunja methali hiyo. Namna anavyoivunja inastahili kuangaliwa kwa makini. Mkufu anaopewa na Raj siku yake ya kuzaliwa umeibwa kwa Raghunath, aliyeununua kwa ajili ya Rita huyohuyo. Rita anapotambua ukweli, hafanyi haraka ya kusamehe wala ya kulaani. Anakwenda kwa Leela kuuliza, na anachokipata huko ni historia ya kijana huyo. Mapenzi yake, kwa hiyo, yanapitia uchunguzi. Hapa ndipo dai la ndoto ya kumwokoa aliyepotea linapopwaya, kwa kuwa Rita anamwamini Raj baada ya kukusanya ushahidi ambao jaji, pamoja na elimu yake yote, hakuutafuta.

Muundo wa usimulizi unamweka mtazamaji katika nafasi hiyohiyo. Filamu inaanzia mahakamani, Raj akishtakiwa kwa kujaribu kumuua Raghunath, na Rita akimhoji mlezi wake kizimbani. Sehemu kubwa ya hadithi inafuata kwa mbinu rejeshi. Mtazamaji anaketishwa upande wa utetezi kabla hajamjua mshtakiwa, na anapofika mwisho amekwisha kuona mkate, barabara na mama. Kumpenda mhuni kunakuwa ni kujua mambo ambayo mahakama haiyajui. Raha anayoipata mtazamaji, hasa msichana anayepangiwa maisha na wakubwa wake, ni raha ya kuona kauli ya mwanamke kijana ikiwashinda wazee kwa hoja.

Lakini ipo sehemu ya ufukweni. Rita, katika utani wa wapenzi, anamwita Raj mshenzi. Raj anabadilika ghafla na kumchapa makofi. Rita haondoki. Baada ya muda mfupi mapenzi yanaendelea kana kwamba kilichopita ni wingu tu. Wahakiki wanaoitetea filamu wanaweza kusema, na kwa sehemu ni kweli, kwamba neno lile limegusa donda: ni hukumu nzima ya Raghunath iliyofupishwa katika tusi moja. Hata hivyo, utetezi huo unaeleza hasira na kuuacha mkono bila maelezo. Anayepigwa ni mtu pekee nje ya nyumba ya Leela asiyeiamini hukumu ile. Raghunath, aliyeitunga, hajaguswa bado.

Jambo zito zaidi linajitokeza mahakamani. Kesi inarudi nyuma hadi kabla ya Raj kuzaliwa. Inafukua wizi wake, malezi yake, na kisu kilichomuua Jagga. Raj mwenyewe anaomba watu wawafikirie watoto wengine wanaokulia kando ya mitaro. Katika hesabu hiyo ndefu makofi ya ufukweni hayamo, si katika mashtaka wala katika utetezi, ingawa wakili aliyesimama kuzungumza ndiye aliyepigwa. Filamu imempa Rita mamlaka ya kuhukumu kila kosa la Raj isipokuwa lile alilotendewa yeye. Umaskini unaweza kuueleza mkate ulioibwa. Filamu inataka uyaeleze makofi pia, na inataka hivyo kimyakimya, kwa sababu ikilitamka dai hilo litaonekana lilivyo dhaifu. Uhakiki unaosifu Awara kwa kuitetea tabaka la chini bila kulitaja pengo hili unarudia kimya cha mahakama ile.

Ulinganisho na riwaya ya Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, unasaidia kuliona pengo hilo kwa upande mwingine. Bahati naye anampenda kijana, Idi, na anamwamini kwa moyo wote. Ila Idi ana jicho kwenye mali ya Mwinyi, na akishaipata anamgeuka. Mwandishi hampi Bahati mbinu rejeshi ya kumsafisha mpenzi wake, wala hampi utoto wa huruma wa kueleza tamaa ya kijana huyo. Msomaji wa Kiu huona udanganyifu mapema kuliko Bahati, ilhali mtazamaji wa Awara huona wema wa Raj sambamba na Rita. Katika riwaya, maumivu ya msichana ndiyo kesi yenyewe, na hakuna mshtakiwa mwingine wa kuyafunika. Rita anaachiwa ahadi ya kumngoja Raj miaka mitatu nje ya gereza, na filamu inaihesabu ahadi hiyo kuwa ushindi.