Mstari Uliokatika

Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichukua vipimo vya kimo cha Ziwa Victoria tangu 1896 hadi 1922, akavilinganisha na hesabu ya madoa yanayoonekana juu ya uso wa jua. Madoa yalipokuwa mengi, ziwa lilikuwa juu. Yalipopungua, nalo lilishuka. Kipimo cha uwiano kilitoka 0.87, na katika kipimo hicho 1 ndio ukamilifu. Anayepata namba kama hiyo hudhani ameshika ufunguo. Madoa ya jua huenda kwa mizunguko ya takriban miaka 11, kwa hiyo ukijua mzunguko umefika wapi, umeyajua maji ya miaka ijayo.

Haikupita miaka mingi uwiano ule ukakatika. Mei 1964 Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa, ilhali madoa yalikuwa yakielekea uchache wake wa mwisho, ulioangukia Oktoba mwaka huohuo. Mei 2020 ziwa lilifika tena kileleni, na mara hii uchache wa madoa ulikuwa umepita miezi michache tu, Desemba 2019. Mafuriko makubwa mawili, na mara zote mbili mstari wa Brooks ungetabiri maji madogo.

Nayaleta haya Kabalo kwa sababu swali lililo midomoni mwa watu wa Tanganyika ni hilohilo la Brooks. Ziwa letu la Tanganyika lina tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie, ukaelekea magharibi na kuingia Lualaba kaskazini ya mji wa Kabalo. Reli iliyoiunganisha Kabalo na Kalemie mwaka 1915 inalifuata bonde hilo kwa sehemu ya safari yake. Mwaka 2024 ziwa lilipokaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, maji yaliingia nyumba na barabara za Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma. Tangu hapo kila mtu anauliza: maji yatarudi chini lini? Hilo ni swali la takwimu za wakati, na kabla ya kulijibu inafaa tuelewe mstari wa Brooks ulikatikia wapi.

Jibu lilikuwa tayari limeandikwa, tena miaka mitatu tu baada ya Brooks. Mwaka 1926 mtakwimu Mskoti, George Udny Yule, alichapisha hotuba aliyoitoa akiwa rais wa Royal Statistical Society. Aliuliza kwa nini mifululizo miwili isiyojuana kabisa hutoa uwiano mkubwa. Mfano wake ulitoka nchini kwake: kati ya 1866 na 1911, huko England na Wales, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana ilipungua, na kiwango cha vifo nacho kilipungua. Uwiano ulikuwa 0.95, mkubwa kuliko ule wa ziwa na madoa. Bila shaka hakuna aliyekufa kwa kufungishwa ndoa na padri wa Kianglikana.

Yule alionyesha kwamba kosa liko kwenye namna tunavyohesabu ushahidi. Ukipima urefu wa watu 27 waliochaguliwa kwa kura, una habari 27. Ukipima ziwa kwa miaka 27, huna 27, kwa sababu ziwa la mwaka huu kwa sehemu kubwa ni ziwa la mwaka jana. Kila kipimo kinarudia alichosema mwenzake, kama mashahidi wa ukoo mmoja waliokaa pamoja usiku kucha kabla ya kuja barazani.

Mwaka 1935 M. S. Bartlett alitoa njia ya kukadiria mashahidi halisi ni wangapi. Tufanye hesabu hiyo kwa mkono. Tuchukulie kwamba ziwa hubakiza 0.8 ya hali yake kutoka mwaka hadi mwaka, na madoa vilevile 0.8. Zidisha: 0.64. Toa katika 1 upate 0.36, jumlisha na 1 upate 1.64, gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.22. Miaka 27 mara 0.22 ni kama 6. Brooks alikuwa na mashahidi sita. Kwa mashahidi 27 walio huru, uwiano wowote uliozidi 0.38 ni nadra kutokea kwa bahati tu, chini ya mara 5 katika 100. Kwa sita, kizingiti hupanda hadi 0.81, na 0.87 inakivuka kwa taabu. Na hata sita nadhani ni wengi mno, maana ukiuchora mchoro wenyewe utaona kwamba hoja yote imesimama juu ya vilele viwili: madoa na ziwa vilipanda pamoja karibu na 1906, vikapanda tena pamoja 1917. Mara mbili.

Simlaumu Brooks. Alikuwa na data aliyokuwa nayo, na mjadala wenyewe haujafa: mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walilirudia swali hilo wakidai kwamba vilele vya madoa katika karne ya 20 viliendana na mvua nyingi Afrika Mashariki. Huenda jua lina mkono wake mdogo katika mvua. Lakini kielelezo kinachokosea 1964 na 2020 hakimsaidii mtu anayejenga nyumba ufukweni Kalemie, kwa sababu hiyo ndiyo miaka aliyohitaji kuonywa.

Kazi ninayoipenda zaidi ya Yule ni ya 1927, na aliifanya juu ya madoa hayohayo ya jua. Watu walikuwa wakiyatafutia mizunguko kamili kama ya saa. Yeye akasema: fikirini pendulum inayobembea chumbani, kisha watoto waingie na kuanza kuitupia njegere, mara kushoto, mara kulia. Itaendelea kubembea, lakini kimo na mwendo wake vitabadilika bila kutabirika. Kwa hiyo akaacha kutafuta saa, akaandika mlingano unaoutabiri mwaka kwa miaka yake miwili iliyotangulia: chukua mwachano wa mwaka jana kutoka wastani, zidisha kwa 1.34, toa ule wa mwaka juzi ukiwa umezidishwa kwa 0.655, kinachobaki ni njegere. Namba hizo mbili, alizozipata kwa madoa ya 1749 hadi 1924, zinazaa zenyewe mzunguko wa miaka 10.6 bila kulazimishwa. Ndio mwanzo wa otoregresheni, yaani regresheni (kukadiria jambo moja kwa jingine) ya jambo juu ya jana yake lenyewe.

Ziwa Tanganyika halibembei. Ni pipa kubwa lenye tundu dogo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 32,900, kwa hiyo mita 1 ya kimo ni karibu kilomita za ujazo 33 za maji. Hata Lukuga ikipitisha mita za ujazo 1,000 kila sekunde mwaka mzima, usiku na mchana, itatoa kilomita za ujazo 31.5 tu: haijafikisha mita 1. Maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke, na mvuke hauongezeki sana ziwa likipanda. Basi mvua ya msimu mmoja hukaa ziwani miaka. Kumbukumbu hiyo haikubuniwa na mtakwimu, imo katika umbo la ziwa lenyewe.

Mvua za Oktoba hadi Desemba 1961 zilikuwa njegere moja kubwa mno. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipata joto kuliko mashariki, hali ambayo Saji na wenzake waliielezea mwaka 1999 kwa jina la daipoli, na ambayo ilirudi kwa nguvu 1997 na 2019. Ukikifanyia regresheni kimo cha ziwa, tukio lile moja litaonekana kama ushahidi wa miaka mingi. Ukiyafanyia mabadiliko ya kimo, mwaka hadi mwaka, linahesabiwa mara moja, kama lilivyotokea. Hapo ndipo joto la bahari linapostahili kuingizwa, na hapo tutajua kama kweli linaongeza kitu juu ya kile ambacho ziwa lilikuwa limeshajisemea lenyewe.

Jambo jingine: mfululizo usivushwe mahali ulipovunjika. Verney Lovett Cameron alipofika Lukuga 1874, na Stanley 1876, mlango wa mto ulikuwa umezibwa na majani na tope. Ziwa likajaa, kizuizi kikabomoka, na Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 alikuta mkondo mkali. Kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Anayechanganya vipimo vya kabla na vya baada anapima mapipa mawili.

Basi maji yatarudi lini? Tukishika ileile 0.8 kama mfano, ziwa lililo mita 1.5 juu ya wastani litatarajiwa kuwa mita 1.2 mwaka ujao, 0.96 unaofuata, 0.77 wa tatu. Na kosa la utabiri hukua: likiwa sentimita 30 kwa mwaka mmoja, ni 38 kwa miwili, 43 kwa mitatu, na haliwezi kuzidi 50. Namba halisi ziko tayari kukadiriwa, kwa sababu tangu TOPEX/Poseidon irushwe mwaka 1992, satelaiti zimekuwa zikipima uso wa maziwa makubwa kila baada ya siku kama 10. Mtakwimu yeyote atakayeleta mlingano mpya aulizwe kwanza: unaushinda utabiri huu rahisi kwa miaka ambayo hukuitumia kuujenga? Brooks hakuwa na njia ya kulijibu swali hilo mwaka 1923, ila kwa kusubiri.

Kwa Kabalo mjini mlingano huo wa ziwa haufai, na hili husahaulika. Lukuga inaingia Lualaba chini ya mji. Maji yanayopita Kabalo yenyewe yametoka Upemba kwa Lualaba na Mweru kwa Luvua, yakakutana Ankoro, na kumbukumbu yake siyo ile ya ziwa linaloshika mvua kwa miaka. Mwenye shamba kwenye makutano ya Lukuga anahitaji mifululizo yote miwili, ya ziwa na ya mto, kila mmoja na mlingano wake. Mwenye bohari kando ya stesheni ya Kabalo ningemwambia aliache ziwa la Kalemie, aanze na maji ya Ankoro.