Futurama: Sehemu Sita Bora, na Vifurushi Vilivyochelewa

Kila mpenzi wa Futurama ana orodha yake ya sehemu bora, na orodha nyingi zinafanana: mbwa anakaa namba moja, halafu wengine wanagombania zilizobaki. Mimi mbwa nimemweka wa pili. Najua kuna watakaonuna. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, ndipo mnune vizuri.

Kwa mgeni, niseme kwa ufupi. Futurama ni katuni ya Kimarekani ya bunilizi ya kisayansi. Aliibuni Matt Groening, yule yule wa The Simpsons, akaijenga pamoja na David X. Cohen. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox tarehe 28 Machi 1999, ikasimamishwa 2003, ikarudi kwa filamu nne za DVD, ikahamia Comedy Central, ikafungwa tena 2013, na mwaka 2023 Hulu wakaifufua. Mhusika mkuu ni Fry, kijana anayepeleka piza jijini New York. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2000 anatumwa kupeleka piza kwenye maabara ya kugandisha watu. Akifika anagundua kuwa jina la mteja ni la mzaha, hakuna aliyeagiza kitu. Hapo hapo anaangukia kwenye jokofu, na anakuja kuzinduka baada ya miaka 1000. Huko mbele anapata kazi kwenye kampuni ya Profesa Farnsworth, mzee ambaye ni kizazi cha mbali cha ukoo wake. Na kampuni inafanya kazi gani? Inapeleka vifurushi.

Watu wengi hulichukulia hilo kama kichekesho cha mwanzo tu: jamaa kalala miaka 1000, kaamka na kazi ile ile. Mimi naona ndiyo mada yenyewe. Katika kila sehemu kubwa ya Futurama kuna kitu kimetumwa, iwe barua, jina, ama neno la mapenzi, na swali ni kama kilifika, kilifika lini, na nani alikipokea. Kumbukeni pia kwamba katika sehemu ile ya kwanza, Fry akitambua kuwa hatawaona tena wazazi wake wala mtu yeyote aliyemjua, anashangilia. Tunacheka. Lakini mtu hapotezi ukoo mzima kwa usiku mmoja halafu ikaishia kwenye kicheko. Hilo ni deni, na waandishi walilijua. Kigezo changu basi ni kimoja: sehemu inalilipaje deni hilo?

Ndiyo maana humu hamtaziona "Roswell That Ends Well", iliyopata tuzo ya Emmy mwaka 2002, wala "The Prisoner of Benda" ya 2010, ambayo Ken Keeler, mwandishi mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, aliitungia kanuni halisi ya kihisabati ili kuwarudisha wahusika kwenye miili yao. Nazipenda zote mbili. Ni saa zilizoundwa vizuri, kila gurudumu lina kazi yake. Ila zikiisha zimeisha, hakuna anayemdai mwenzake.

6. "Godfellas" (2002)

Bender, roboti mwizi na mlevi, anarushwa angani kwa bahati mbaya, kwa kasi ambayo chombo cha wenzake hakiwezi kuifikia. Viumbe wadogo mno wanaota makazi kwenye mwili wake na kumfanya mungu. Anajaribu kuwasaidia, anawaua. Anaamua kukaa kimya, wanauana wenyewe kwa wenyewe. Kisha anakutana na galaksi inayofikiri, ambayo pengine ni Mungu, pengine siyo, na wanazungumza kuhusu maombi kama mafundi wawili wanaozungumzia kazi.

Wengi husifu mazungumzo hayo, na wana haki. Mimi navutiwa zaidi na kinachotokea duniani. Fry anamtafuta rafiki yake kwa kutumia mitambo ya watawa wanaosikiliza sauti ya Mungu angani. Hajui kama kuna wa kumsikia. Anakata tamaa, anasema kwa uchungu tu kwamba anatamani rafiki yake arudi, na maneno yale yanaruka bila kukusudiwa. Yanasikika. Bender anarudishwa, na Fry hajui ni nani aliyemrudisha. Ombi limefika, risiti haikutolewa. Naiweka ya sita kwa sababu kilio cha Fry kinapewa dakika chache mno kwenye hadithi inayokitegemea kiasi hicho.

5. "Time Keeps on Slippin'" (2001)

Wakati unaanza kurukaruka. Unafumba jicho, ukifumbua wiki imepita na hukumbuki ulichofanya. Katika mruko mmoja Fry na Leela, nahodha wa chombo, wanajikuta wamefunga ndoa. Leela anadhani kahadaiwa, wanaachana. Fry anabaki na swali moja: nilifanya nini hata akanikubali? Mwishoni, wakiwa wanavilipua vilivyosababisha janga, anaona dirishani kwamba alizisogeza nyota zenyewe zikaandika ujumbe wa mapenzi kwa Leela. Sekunde hiyo hiyo mlipuko unazifuta. Leela alikuwa anatazama kwingine.

Barua iliandikwa, ikasomwa na aliyeiandika peke yake. Mwisho wake ni mkali, na hauombi huruma. Kinachoishusha ni njia ndefu ya kufikia hapo: mchezo wa mpira wa kikapu unachukua nafasi kubwa, na utani wake umechakaa kuliko utani mwingine wowote katika orodha hii.

4. "Leela's Homeworld" (2002)

Leela ana jicho moja, alilelewa kituo cha yatima, na tangu mwanzo tumeambiwa ni kiumbe wa sayari nyingine ambayo haijulikani. Aliachwa mlangoni na kikaratasi chenye lugha isiyosomeka. Sehemu hii inafunua kwamba wazazi wake wako chini ya miguu yake, kwenye mitaro ya maji taka, pamoja na watu wote waliobadilika maumbile na kukatazwa na sheria kupanda juu. Mama yake, msomi wa lugha za viumbe wa mbali, aliandika kikaratasi kile makusudi kisisomeke. Mtoto akidhaniwa mgeni kutoka angani, ataruhusiwa kuishi juu juani.

Hebu fikiria: barua ambayo kazi yake yote ni kutoeleweka. Imetimiza lengo kwa miaka mingi, na gharama yake ni mtoto kukua akiamini alitupwa. Dakika ya mwisho haina mazungumzo. Tunapitishwa miaka ya utoto wa Leela, na katika kila picha wazazi wake wapo pembeni, gizani, wakimwangalia. Haikushika nafasi ya juu zaidi kwa sababu moja tu, kwamba deni hili ni la Leela, na katuni ilianza na deni la Fry.

3. "The Late Philip J. Fry" (2010)

Hii ilipata Emmy mwaka 2011, na ukitaka kumshawishi mtu asiyependa katuni, anza nayo. Fry, mchelewaji sugu, amemwahidi Leela chakula cha jioni cha siku yake ya kuzaliwa. Badala yake anaingia na Profesa na Bender kwenye mashine inayokwenda mbele tu, wala hairudi nyuma. Wanapitiliza. Ndiyo hivyo, hakuna kurudi nyumbani isipokuwa kuendelea mbele wakitumaini mtu wa baadaye atakuwa amebuni njia ya kurudi.

Barua zinazosafiri humu ni mbili. Kadi ya Fry inadondoka njiani na kumfikia Leela baada ya miongo, akiwa mtu mzima mwenye kinyongo. Anaelewa kuwa hakutelekezwa. Naye anajibu kwa namna ambayo sijaiona kwingine kokote: anakwenda kwenye pango walikopanga kukutana, anatoboa dari kwa risasi, na matone ya maji yanajenga herufi za chokaa sakafuni, polepole, kwa miaka bilioni moja. Fry anazikuta na kuzisoma.

Halafu ulimwengu unafika mwisho, unaanza upya, na Fry anawahi ile karamu. Watazamaji wengi hufuta machozi na kusema mapenzi yameshinda. Lakini tazama vizuri, msomaji wangu. Leela anayekaa naye mezani siye aliyeandika pangoni. Yule aliishi akazeeka akafa peke yake, katika ulimwengu ambao haupo tena. Hadithi inalijua hili na inapita haraka. Ingesimama hapo hata nusu dakika, ningeiweka ya kwanza.

2. "Jurassic Bark" (2002)

Haya, mbwa. Fry anakuta makumbushoni kisukuku cha Seymour, mbwa wake wa zamani, ambaye jina lake ni la mteja mwingine wa mzaha, enzi za kupeleka piza. Profesa anaweza kumrudufisha akaishi tena na kumbukumbu zake. Mtambo unaonyesha kuwa Seymour alikufa akiwa na miaka 15. Fry alimwacha akiwa na miaka 3. Basi anapiga hesabu: miaka 12 bila mimi, bila shaka alinisahau, alipata maisha mengine. Anasitisha kazi yote, kwa heshima ya maisha hayo. Kisha sisi tunarudishwa nyuma na kuonyeshwa Seymour amekaa nje ya duka la piza, majira yanabadilika, mvua, theluji, jua, anasubiri tu, mpaka anafumba macho.

Siibezi. Nimeitazama mara nyingi na kila mara inanishinda. Uamuzi wa Fry ni wa upendo, na umejengwa juu ya hesabu isiyo sahihi. Lakini ukweli umepelekwa kwetu tu, yeye hajui chochote. Machozi ni yetu, mhusika anabaki alivyokuwa. Waandishi wenyewe nadhani mwisho ule uliwalemea, maana katika filamu ya Bender's Big Score ya 2007 wakatuambia kuna nakala ya Fry iliyorudi nyuma ikaishi na Seymour miaka yote ile. Jeraha lilifungwa bandeji, na bandeji ile imeidhoofisha hadithi ya awali.

1. "The Luck of the Fryrish" (2001)

Iliyoandikwa na Ron Weiner. Bahati ya Fry imekwisha, anakumbuka jani lake la klova lenye vijani saba, alilolificha utotoni ili kaka yake Yancy asilichukue. Yancy alikuwa mwizi wa kila kitu chake. Analitafuta kwenye magofu ya New York ya zamani, halipo. Badala yake anakuta sanamu yenye sura ya Yancy, imeandikwa Philip J. Fry, mtu wa kwanza kukanyaga Mirihi. Kumbe! Kaka kaiba jani, kaiba jina, kaiba na maisha. Fry anakwenda kulifukua kaburi.

Kaburini anasoma maandishi. Aliyelala pale ni mtoto wa Yancy. Alipewa jina hilo kwa kumbukumbu ya ami yake aliyepotea.

Ufundi uko kwenye matukio ya nyuma. Mwanzoni ni kumbukumbu za Fry, tunaona anayoyajua yeye, tunamchukia Yancy pamoja naye. Katikati, bila taarifa, tunaanza kuona mambo yaliyotokea baada ya Fry kupotea, ambayo asingeweza kuyajua. Msimulizi amebadilika na hatukushtuka. Tunamwona Yancy akilichukua lile jani na tunasema, si unaona? Kumbe tunaangalia msiba kwa macho ya mtu mwenye chuki. Mwisho hauleti tukio jipya. Ni yale yale tuliyokwisha kuyaona, sasa tukiyasoma sawasawa.

Kwa msomaji wa Kiswahili mwisho huu hauhitaji kuelezwa. Tunajua maana ya mtu kupewa jina la ndugu aliyetangulia. Tuna neno wajina, tuna neno somo, na tunajua mtoto wa namna hiyo huitwa na kubembelezwa kwa namna ya pekee, kwa sababu kila anapoitwa kuna wawili wanaoitwa. Yancy hakuwa na anwani ya kumwandikia mdogo wake. Alichokuwa nacho ni jina, akalikabidhi kwa mtoto, na mtoto akalipeleka mpaka Mirihi.

Kifurushi hiki kilifika. Kilichelewa miaka 1000, kikafika kwa mwenyewe, wakati ambapo hawezi kumjibu aliyekituma. Fry anaondoka akiwa na ndugu ambaye hakujua kama anaye, na anamzika siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapoona deni la sehemu ya kwanza limelipwa, na aliyelipwa ni Fry mwenyewe.

Kama hujaziona hizi mbili za juu, zitazame jioni moja, na uanze na ya Machi 2001 kabla ya ile ya Novemba 2002. Ukishaona jina la Yancy limefika, utakaa mbele ya Seymour ukitegemea naye atafikiwa. Utamsubiri Fry ageuke, aulize, ajue. Utakuwa unasubiri pamoja na mbwa.