Fuete 32 za Legnani: siri imo gotini

Januari 1895, katika ukumbi wa Mariinsky mjini St Petersburg, Pierina Legnani, mcheza baleti kutoka Milan, alizunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake, mizunguko iitwayo fuete. Alikwisha kuionyesha mizunguko hiyo mwaka 1893 katika Cinderella, mjini humohumo, na baadaye Mathilde Kschessinska akawa Mrusi wa kwanza kuiweza. Tangu hapo watazamaji hukaa wakihesabu. Hesabu hiyo inapotosha, kwa kuwa inalielekeza jicho kwenye mzunguko, ilhali kazi yenyewe hufanyika pale mzunguko unapokatika.

Tazama fuete moja tu, polepole. Mchezaji amewakabili watazamaji, kisigino kimeshuka sakafuni, goti la mguu aliosimamia limekunjwa. Kiwiliwili kimetulia, lakini mguu wa pili, ulionyooshwa mbele, unafagia kwenda ubavuni. Mzunguko haujapotea, umehamia humo. Goti likinyooka na mwili ukapanda juu ya ncha ya kiatu, mguu ule hukunjwa hadi ukagusa goti, na mzunguko ukarudi mwilini. Mwanafizikia wa Marekani Kenneth Laws ndiye aliyeuchambua vizuri mpango huu. Juu ya ncha, mchezaji ana sentimita chache tu za kusimamia. Uzito ukitoka nje ya hapo, hana pa kujishikiza. Wayo mzima ukiwa chini, kifundo kinaweza kuurudisha mwili katikati, na wayo huohuo ukasukuma sakafu kufidia kasi iliyoliwa na msuguano. Kwa hiyo kila fuete humpa nafasi ya kujirekebisha. Piruete ya mizunguko mingi, isiyokatika katikati, karibu haimpi hata moja: ulivyoondoka ndivyo utakavyofika.

Wapo wanaosema kasi yenyewe humsimamisha, kama pia ya kuchezea. Hapana. Pia hiyo husimama kwa sababu inazunguka kwa kasi kubwa mno. Binadamu mrefu, mwembamba, anayezunguka mara mbili hivi kwa sekunde, hapati msaada huo. Hoja nzito zaidi ni ya macho: mchezaji hukaza macho mahali pamoja, kisha kichwa hugeuka upesi kuuwahi mwili, asipate kizunguzungu. Hilo lina faida, lakini utafiti wa Imperial College London wa mwaka 2013 uliwazungusha wacheza baleti gizani, wasikokuwa na cha kukazia macho, na bado hisia ya kuzunguka iliwaisha mapema kuliko wapiga makasia waliofanyiwa jaribio hilohilo. Ubongo wao umezoea. Na hata hivyo, kutoona kizunguzungu ni jambo moja, kubaki wima ni jambo jingine. Aliyeondoka ameinama ataanguka macho makavu.

Mazoezi ya katikati ya ukumbi ndiyo yanayoufichua mwinamo huo, maana hapo hakuna fito ya kushika, na mkono hauwezi tena kuficha kosa la nyonga. Mwanafunzi akishindwa, kwa kawaida huongeza nguvu: hurusha bega, bega likatangulia, nyonga ikabaki nyuma, mhimili ukalala. Nguvu ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Mwalimu amrudishe kwenye goti: akunje, apande, asimame hesabu nne bila kuzunguka, ashuke taratibu palepale alipoanzia. Kisha robo, kisha nusu. Akiyumba kwenye robo, asiongezewe mzunguko.