Ligi ya Misri na Uzito wa Pointi Tatu

Msimu wa 2023–24 wa Ligi Kuu ya Misri ulijikokota kwa viporo hadi Agosti 2024, hata msimu uliofuata haukupata kuanza ila tarehe 30 Oktoba. Na huko mbele, tarehe 14 Juni 2025, Al Ahly walikuwa wakingojewa Miami kufungua Kombe la Dunia la Vilabu. Kati ya nguzo hizo mbili palikuwa na wasaa wa miezi saba na nusu tu, nao ulipaswa kutosha pia kwa mechi za timu ya taifa na za mashindano ya Afrika. Ilhali ligi ya timu 18, ikichezwa nyumbani na ugenini kama ilivyo ada, hudai raundi 34 na mechi 306. Hapana mratibu, hata awe hodari namna gani, awezaye kuzieneza mechi hizo zote katika muda huo. Na ndiyo maana wenye mamlaka wakaazimu kuikata ligi yenyewe.

Walivyoikata ni hivi. Kila timu ilikutana na kila mwenziwe mara moja, raundi 17, mechi 153. Kisha msimamo ukagawanywa katikati: tisa za juu zikaunda kundi la ubingwa, na tisa za chini, wakiwamo Ismaily na Ghazl El Mahalla ambao zamani walipata kutwaa taji hilo, zikaunda kundi la kuwania kutoshuka daraja. Pointi zilizokwisha chumwa zilibebwa zote, na ndani ya kila kundi timu zikakutana tena mara moja, mechi 36 huku na 36 kule. Jumla yake ni mechi 225, yaani pungufu kwa mechi 81. Na kwa kuwa tisa ni hesabu ya witiri, timu moja ya kila kundi ilikaa kila raundi, hivyo mechi 8 za kila timu zikachukua raundi 9. Raundi 34 zikawa 26.

Dawa hii haikuwa ngeni kwa Wamisri. Baada ya msiba wa uwanjani Port Said wa tarehe 1 Februari 2012, uliofisha watu zaidi ya 70 na kuivunja ligi, msimu wa 2013–14 ulichezwa kwa timu 22 katika makundi mawili, ukaishia kwa timu 4, na Al Ahly wakawapita Smouha kwa tofauti ya mabao tu.

Hoja ya kwanza dhidi ya duru moja ni ile ya insafu: nani awe mwenyeji? Hapa Misri ina unafuu ambao nchi nyingi hazina, kwani Al Ahly na Zamalek huuita Uwanja wa Kimataifa wa Cairo nyumbani wote wawili, Pyramids wako papo hapo mjini katika Uwanja wa 30 Juni, na vilabu kadhaa vya jeshi, benki na makampuni havina umati wa kumtia mgeni hofu. Lakini unafuu huo si wa kila mahali. Kwenda Mahalla, mji wa viwanda vya nguo wenye mashabiki wake wa jadi, ni safari ya ugenini kwelikweli. Na katika duru moja, anayepangiwa kwenda huko na anayepangiwa kuwapokea Mahalla kwake hawakubebeshwa mzigo mmoja, wala hapana mechi ya marudiano ya kusawazisha wakiangukia makundi tofauti.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya thamani ya pointi. Katika mechi 34 timu yaweza kuchuma pointi 102. Katika mechi 25, pointi 75. Kosa lile lile, sare ile ile, adhabu ile ile, hugharimu zaidi. Kadhia ya tarehe 11 Machi 2025 ilidhihirisha jambo hilo. Al Ahly walitaka dabi yao na Zamalek ya kundi la ubingwa ichezeshwe na waamuzi wa kigeni, na walipokosa hawakutia mguu uwanjani. Zamalek wakaja, mwamuzi akangoja muda wake, kisha akapuliza firimbi ya kuuvunja mchezo. Hukumu ya kwanza ilikuwa na sehemu mbili: Zamalek wapewe ushindi wa mezani wa mabao 3-0, na Al Ahly wakatwe pointi 3 nyingine mwisho wa msimu. Sehemu ya kwanza ikasimama. Ya pili ikafutwa kabla ligi haijakwisha.

Tarehe 28 Mei Al Ahly wakawafunga Pharco 6-0, wakamaliza na pointi 58. Pyramids wakamaliza na 56. Mtoto wa skuli aweza kuitoa hesabu hiyo: 58 ukiondoa 3 ni 55. Taji la 45 la Al Ahly lilikaa, basi, juu ya sentensi moja ya kanuni na namna ilivyofasiriwa katikati ya safari.

Wala tusiwasahau Pyramids katika mizani hii. Tarehe 24 Mei walikuwa Pretoria wakitoka sare ya 1-1 na Mamelodi Sundowns katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Siku nne baadaye walifunga hesabu za ligi. Na tarehe 1 Juni walishinda marudiano 2-1 Cairo, bao la kwanza likiwa la Fiston Mayele, yule yule aliyewahi kuwaliza walinda milango wa Tanzania akiwa Yanga. Ratiba iliyofupishwa ili kupata nafasi bado ilimbana aliyekwenda mbali kuliko wote barani.

Kisha ikaamuliwa kwamba asishuke mtu. Timu 3 zikapanda, na msimu wa 2025–26 ukaanza na timu 21, ambazo kwa duru moja tu zinadai mechi 210. Hivyo kilichookolewa kwa mkasi kilirudishwa kwa kuongeza timu, na mgawanyo ukabidi urudiwe, safari hii timu 7 juu na 14 chini. Rai yangu ni kwamba kukata ligi ni halali pindi dharura inapobisha hodi, na Misri ilikata kwa ustadi wa kutosha. Ila anayepunguza mechi huzidisha uzito wa kila kanuni, naye ni wajibu wake kuiandika adhabu ya timu isiyotokea uwanjani kwa lugha isiyo na mlango wa nyuma, kabla mpira wa kwanza haujapigwa.